Jani la Chini Halina Kosa: Kwa Nini Pikapu Mpya Inarusha, na Namna ya Kuituliza

Hajati alifika asubuhi, jua halijachomoza vizuri juu ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akashuka ameshika kiuno. Gari lenyewe dabo kabini nyeupe, nailoni za viti hazijabanduliwa zote, kilomita hazijafika 2,000. "Mwanangu," akaniambia, "lile gari langu la zamani lilikuwa bovu, lakini lilinihurumia. Hili jipya linanipiga." Siku iliyotangulia alikuwa ametoka Yumbe. Huko njiani fundi mmoja alishampa dawa: watoe jani moja la springi, lile nene la chini kabisa, na gari litalala kama godoro. Kazi ya saa mbili tu.

Nilimwomba akae kivulini kidogo. Mimi na kijana wake dereva tukaingia chini ya gari na tochi ya simu. Nikachukua risiti ya mafuta iliyokuwa mfukoni mwa kijana, nikaikunja mara mbili, nikaipitisha kati ya lile jani nene na jani lililo juu yake. Ikapita, na nafasi ikabaki. Rangi ya kiwandani juu ya jani lile ilikuwa bado inang'aa pale ambapo, kama lingewahi kuguswa na mwenzake, pangekuwa na alama ya msuguano.

"Hajati," nikamwambia nilipotoka, "jani wanalotaka kulitoa halijafanya kazi hata siku moja tangu ununue gari. Likitolewa, mgongo wako hautajua."

Kosa hili nimeliona mara nyingi. Pikapu mpya inarusha, mwenyewe analalamika, chuma kinatolewa, gari linaendelea kurusha. Halafu siku ya kubeba mzigo wa kweli linakaa chini kama bata. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuanze na kazi ambayo gari lilitengenezewa.

Pikapu nyingi zinazouzwa kwetu, kama Hilux, D-Max, Ranger na L200, hubeba karibu tani moja. Mbele zina springi za koili, kila gurudumu na lake. Nyuma zina ekseli moja ngumu, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili, iliyobanwa kwenye majani ya chuma, na mzigo karibu wote huangukia hapo. Mwenye kiwanda hajui kama wewe utapakia simenti au utampeleka bibi harusi kanisani. Anachojua ni kwamba kwenye karatasi ameandika tani moja, na siku utakapoipakia springi zisivunjike wala chasisi isigonge ekseli. Kwa hiyo anaweka springi za siku ile.

Sasa chukua hesabu ya mfano. Tuseme uzito unaolalia springi za nyuma gari likiwa tupu ni kilo 600, na likijaa ni kilo 1,600. Tuseme pia kwamba likijaa hupanda na kushuka mara 1.5 kwa sekunde likipita kwenye tuta, mwendo ambao mwili unauvumilia vizuri, kwa kuwa magari mengi madogo ya abiria yako kati ya mara 1 na 1.5. Kasi ya kurusha hufuata kipeuo cha pili cha ugumu wa springi ukigawanywa kwa uzito. Ondoa ile tani, acha springi zilezile, na kasi inaruka hadi karibu mara 2.4 kwa sekunde. Mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya kwenda juu na chini ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na kadiri gari linavyosogelea huko ndivyo kiuno kinavyolia. Gari si bovu. Linasubiri mzigo ambao haujaletwa.

Hili kila mtu anayepanda pikapu siku ya soko analijua bila hesabu. Asubuhi, inapokwenda tupu, mnarushwa mpaka meno yanagongana. Jioni inarudi na magunia na watu na mbuzi wawili, na inatembea kama bibi harusi.

Turudi kwenye lile jani nene. Rundo la springi la pikapu nyingi lina sehemu mbili. Juu kuna majani marefu yaliyopinda, yanayofanya kazi muda wote. Chini kuna jani moja, wakati mwingine mawili, nene na lililonyooka zaidi, ambalo ncha zake haziguswi mpaka gari lishuke kwa mzigo. Huyo ni msaidizi wa siku nzito. Gari likiwa tupu yeye amelala. Ukimtoa hupati ulaini, ila umepoteza nguvu ya kubeba. Ndiyo maana napenda jaribio la karatasi: halihitaji spana, na linafanyika gari likiwa tupu mahali palipo sawa. Karatasi ikipita, jani hilo liache.

Na yale marefu ya juu, je? Hapo ukitoa moja kuna mabadiliko, ila hesabu yake ni ya kusikitisha. Tuseme majani yanayofanya kazi ni matano yenye unene sawa. Toa moja, ugumu unapungua kwa moja ya tano. Lakini kumbuka kipeuo cha pili: kasi ya kurusha inapungua kwa moja ya kumi tu, kutoka 2.4 hadi kama 2.15. Utaisikia tofauti, lakini si godoro uliloahidiwa. Na umeilipia kwa kushuka kwa mkia wa gari na kwa tani moja isiyo tani tena. Kuna na jambo jingine: majani ndiyo yanayoizuia ekseli isijipinde unapokanyaga mafuta kwa nguvu au kufunga breki. Rundo likipungua, ekseli inajikunja, na dereva anasikia mtetemo sakafuni wakati wa kuondoka.

Hapa kuna hatari ambayo mafundi wengi hawaisemi. Baadhi ya pikapu zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo cha chuma. Kazi yake ni kupima jinsi mkia ulivyoshuka: ukishuka, vali inaelewa kwamba kuna mzigo, inapeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Sasa wewe umetoa jani, mkia umeshuka, mzigo hakuna. Vali imedanganywa. Mvua inanyesha, barabara imekuwa sabuni, unafunga breki, na magurudumu ya nyuma yanajifunga kabla ya yale ya mbele. Gari linageuka lenyewe. Mtu akiinua mkia kwa springi ndefu bila kurekebisha kifimbo, uongo unakwenda upande wa pili: breki za nyuma zinalegea hata gari likiwa limejaa. Kwenye magari ambayo kazi hiyo hufanywa na kompyuta hutakikuta kifimbo hicho, lakini chungulia kwanza kabla mtu hajagusa urefu wa gari.

Basi tuanzie wapi? Kwa Hajati tulianza na kitu ambacho hakuna aliyekigusa tangu gari lishuke melini: upepo.

Magari mapya husafirishwa matairi yakiwa yamejazwa kupita kiasi, ili yasipate ubapa yakikaa wiki nyingi sehemu moja. Muuzaji anatakiwa kuupunguza upepo kabla ya kukabidhi ufunguo. Wakati mwingine husahaulika. Tulipima matairi ya Hajati yakiwa ya baridi, kabla gari halijatembea: paundi 44, yote manne. Tukafungua mlango wa dereva na kusoma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Paundi 29 mbele na nyuma likiwa tupu, 36 nyuma likiwa na mzigo. Alikuwa amekwenda Yumbe na kurudi juu ya mipira ya mawe.

Tairi nalo ni springi, na ndiyo springi ya kwanza kukutana na jiwe. Ugumu wake hupanda karibu sambamba na upepo. Kwa vitu vidogo vidogo, yaani changarawe, kingo za mashimo na viungo vya daraja, tairi ndilo linalomeza, kwa sababu majani ya chuma hayawahi hata kuanza kupinda. Ndiyo maana kushusha paundi 15 kulimfanya kijana dereva acheke baada ya kuzunguka mtaa mara moja tu.

Lakini usishushe kwa kubahatisha. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana ubavuni, linapata joto, na kwenye lami ndefu kama ile ya kutoka Karuma kwenda Pakwach linaweza kupasuka ukiwa na kasi. Namba ya kibandiko ndiyo sakafu yako kwenye lami. Ukipakia, ongeza kama kibandiko kinavyosema. Pima asubuhi, kwa sababu joto linapandisha upepo, karibu paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na ukipima baada ya safari utadhani umezidisha kumbe uko sawa. Nunua geji yako mwenyewe. Geji za vituo vya mafuta nimeziona zikitofautiana kwa paundi 6 kwenye mtaa mmoja.

Ukibadilisha matairi, angalia pia umenunua nini. Matairi ya kazi nzito yenye ubavu wa tabaka nyingi yanastahimili mawe makali, lakini ubavu wenyewe ni mgumu hata upepo ukiwa sahihi. Na rimu kubwa yenye tairi jembamba kama mkanda iachie magari ya mjini.

Baada ya upepo, uzito. Hapa ndipo Hajati alipodhani namtania. Nilimwambia aweke mifuko mitatu ya mchanga, kilo 50 kila mmoja, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Rudi kwenye hesabu yetu: kutoka kilo 600 hadi 750, springi zilezile. Kasi ya kurusha inapungua kwa moja ya kumi. Ni sawasawa kabisa na kutoa jani moja kati ya matano, ila hujafungua nati hata moja, na siku ya kubeba simenti unashusha mchanga na gari lina tani yake kamili. Gharama yake ni mafuta kidogo zaidi, na nafasi. Sharti lake ni kamba. Mfuko wa kilo 50 usiofungwa, ukifunga breki ghafla, unakuja kwenye kioo cha nyuma na una haraka kuliko wewe. Uufunge kwenye ndoano za bodi, na usiuweke mwishoni kabisa kwenye mlango wa nyuma, maana hapo unainua pua ya gari na kulegeza usukani.

Sasa shokomzoba. Watu wengi hudhani shokomzoba ndizo zinazobeba gari. Hapana. Springi inabeba, shokomzoba inatuliza. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na kule kung'ang'ana kwa mafuta ndiko kunakomaliza mrusho baada ya tuta. Shokomzoba iliyokufa utaijua: gari linaendelea kuyumba kama mtumbwi baada ya kupita tuta moja, na kuna mafuta yanayotiririka ubavuni mwake. Gari jipya la Hajati halikuwa hivyo. Lilipiga mara moja, kali, likatulia. Huo ni ugumu wa springi na wa tairi.

Ndiyo maana ninaonya kuhusu zile zenye maneno ya kazi nzito yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mtu ana gari gumu, anashauriwa anunue shokomzoba bora, anaambiwa hizi ndizo bora, na anaondoka na gari gumu zaidi, kwa sababu zimetengenezwa kuzuia mzigo mkubwa usiyumbe. Ukitaka kubadilisha, mwambie muuzaji gari lako hubeba kilo ngapi siku za kawaida, na useme ukweli. Nyingine zina kitasa cha kurekebisha ugumu, na kwa anayepakia leo na kesho akawa tupu hizo zina maana, ingawa bei yake si ya mchezo. Shokomzoba laini haiwezi kuilainisha springi ngumu. Inachoweza ni kuacha kuongeza ukali wake kwenye vishindo vya ghafla.

Kuna sehemu ndogo ambayo huharibu kazi nzuri: bushi. Ni mipira iliyo kwenye macho ya springi na kwenye vishikio vya mbele, na mingi imegandishwa kwenye chuma, haizunguki bali hujikunja. Fundi akifunga bolti zake mpaka mwisho gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira unagandishwa katika mkao huo. Ukishusha gari, kila bushi imeshajikunja kabla hujaanza safari. Inasukuma kinyume, gari linakuwa gumu, na mpira unachanika mapema. Dawa ni rahisi: shusha gari, lisimame kwa miguu yake, litikise, ndipo uzifunge bolti kwa mara ya mwisho. Ukimwona fundi anakaza kila kitu gari likiwa hewani, mwambie kwa adabu, "Fundi, tumalizie chini."

Na bolti zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zikishafunguliwa, nunua mpya. Zinapokazwa mara ya kwanza hunyooka kidogo, na mara ya pili hazishiki kama zamani. Nazo zikilegea, springi inateleza juu ya ekseli na ile bolti ya katikati inakatika. Hutaki ikatike ukiwa porini.

Usipake grisi kati ya majani. Mzee mmoja alinifundisha hivyo ujanani, na kwa springi za zamani za chuma kwa chuma alikuwa na hoja. Lakini za siku hizi zina vipande vya plastiki au mpira kwenye ncha ili majani yateleze. Grisi inakamata vumbi jekundu la muramu, ule udongo wa barabara zisizo na lami, vumbi na grisi vinakuwa msasa, na mpira unavimba. Osha kwa maji, inatosha.

Tuseme umefanya haya yote na bado gari ni gumu, na wewe ni mtu ambaye kwa kweli hubebi. Hapo ndipo rundo jipya la springi lina maana, na nasema rundo zima, si jani moja lililotolewa. Watengenezaji, hasa wa Australia, huuza springi za nyuma kwa kiwango cha mzigo: za gari linalokaa tupu, za kilo mia kadhaa za kudumu, za mzigo mzito. Chagua kwa siku zako nyingi, si kwa siku moja ya mwaka. Viwanda vyenyewe vinajua tatizo hili. Toyota ilipoifanyia Hilux marekebisho mwaka 2020 iligusa vitu vitatu kwa pamoja, shokomzoba, bushi na majani, ili itembee vizuri ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Nissan ilikwenda mbali zaidi, ikaweka koili nyuma kwenye baadhi ya Navara. Mabegi ya hewa yanayowekwa juu ya ekseli hayakusaidii: hayo ni ya kuinua mkia uliolemewa, na kwenye gari tupu yanaongeza ugumu.

Kabla ya kufungua chochote, soma kwanza karatasi ya dhamana. Gari la kilomita 2,000 likiguswa springi nje ya gereji ya muuzaji, siku difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ikilia mtabishana.

Limebaki moja, nalo si la fundi. Ni yale makunyanzi ya barabara ya muramu, mistari ya kukata njia kama bati. Mara nyingi umbali wa tuta hadi tuta ni kati ya nusu mita na mita moja. Chukua sentimita 70. Ukienda kilomita 27 kwa saa, gurudumu linapigwa karibu mara 11 kwa sekunde, na ekseli nzito ya pikapu, ikidunda juu ya matairi yake, ina mdundo wake wa asili hapohapo, kati ya mara 10 na 15. Unaipiga kwa mpigo wake yenyewe. Ndiyo maana mwendo wa kati unaumiza kuliko yote. Madereva wetu wamelijua hilo bila kitabu, wanaongeza kasi mpaka gari lielee juu ya vichwa vya matuta. Linaelea kweli, na hiyo ndiyo shida: gurudumu lisilogusa chini halishiki breki wala kona. Punguza paundi 4 au 5 ukiingia kwenye muramu mrefu, nenda polepole kuliko ule mwendo mbaya, na uwe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ili urudishe upepo utakapofika kwenye lami.

Hajati aliondoka na upepo sahihi na mifuko mitatu ya mchanga chini ya turubai. Baada ya wiki alinipigia akauliza kama sasa anunue zile springi laini. Nikamuuliza kwa mwezi anabeba simenti siku ngapi. Akahesabu kwa vidole, akafika tisa, akasema aziache kwanza. Mgongo umetulia. Anayelalamika sasa ni kijana dereva, maana kila siku ya simenti ni yeye anayeishusha ile mifuko ya mchanga, na jioni ni yeye anayeipandisha tena.